Ukuta wa Jirani: Dhana Potofu Kuhusu Moto na Kelele kwenye Nyumba za Zamani Zilizoungana

Nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa kwa ramani inayofanana: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uwani nyuma. Leo nyingi zimegawanywa. Mrithi mmoja kachukua upande wa kulia, mwenzake wa kushoto, au familia mbili zisizojuana zimepangishwa humo. Mlango wa pili umetobolewa na mita ya pili ya Luku imefungwa, lakini kinachowatenganisha ni ukuta uleule wa zamani. Hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapoanza.

"Ukuta ni wa tofali, moto hauwezi kuvuka."

Tofali haliungui, hilo kweli. Lakini panda ngazi, sukuma kipande cha dari, chungulia na tochi. Mara nyingi utakuta ukuta umeishia usawa wa lenta (mkanda unaopita juu ya milango na madirisha), na juu yake kenchi na papi, yaani mbao za paa, zimetambaa kutoka kwa jirani hadi kwako bila kizuizi chochote. Zima tochi na huenda ukaona mwanga wa taa yake ukipenya kwenye nyufa za dari. Uwazi huo ndio unaokuletea ugomvi wake na harufu ya vitunguu vyake, na siku ya ajali utakuletea moto: mbao zilizokauka miaka mingi, vumbi, nyaya zilizoungwa na kuzungushiwa selotepu. Moshi hutangulia. Hupanda, hujaa darini, kisha hushukia chumba cha pili mtu akiwa usingizini.

Kwa hiyo kazi ianzie juu. Ukuta upandishwe hadi kugusa mabati, na mawimbi ya bati yazibwe kwa udongo wa saruji au sufi ya madini isiyoungua. Kabla ya kuongeza kozi za tofali, fundi akague msingi na ukuta wenyewe. Ukuta wa miti na udongo usibebeshwe mzigo huo. Huko juu fremu nyepesi yenye jipsamu pande zote mbili na sufi ya madini katikati inafaa zaidi.

"Trei za mayai na magodoro ukutani huzuia kelele."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inaongeza hatari huku mtu akidhani anajikinga. Vitu laini hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Sauti ya jirani hupita kama kawaida. Kinachozuia sauti ni uzito na kutokuwa na upenyo. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapata nafuu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tano au sita hivi. Sponji, kwa upande wake, ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Ukiibandika ukuta mzima, umejiwekea kuni kitandani.

Povu la kupuliza kutoka kwenye kopo nalo ni hivyo hivyo. Linajaza ufa vizuri sana, lakini lile la kawaida linaungua. Kwenye ukuta wa kutenganisha nyumba, tumia lililotengenezwa kwa ajili ya kuzuia moto, au ziba kwa udongo wa saruji tu.

"Tundu dogo si tatizo."

Chukua ukuta wa mita tatu kwa tatu, wa tofali lililopigwa lipu pande zote mbili. Ukiwa mzima unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 45 hivi. Acha uwazi wa asilimia moja tu, yaani sentimita 30 kwa 30, na ukuta wote unashuka hadi kama desibeli 20. Jumlisha tundu la bomba, nafasi juu ya fremu ya mlango wa zamani uliozibwa kwa mbao, na soketi mbili zilizochimbwa mgongo kwa mgongo, uone kama hufiki huko. Tofali ambalo halijapigwa lipu nalo lina vinyweleo vinavyopitisha sauti, kwa hiyo lipu haiishii kwenye urembo.

"Jipsamu ni ya mapambo tu."

Jipsamu imeshika maji ndani yake, takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ikipata joto kali hutumia muda kuyaachia, na wakati huo mbao za nyuma yake zinasalimika. Ubao wa milimita 12.5 uliofungwa vizuri unaweza kukupa nusu saa hivi. Tabaka mbili, maungio yakiwa yamepishana, hukaa zaidi. Kisha anakuja fundi umeme na kutoboa matundu nane ya taa! Dari ya plastiki ni habari nyingine: huyeyuka na kudondoka.

Hakuna ukuta unaozuia moto milele. Unakupa muda wa kutoka na kupiga 114, namba ya zimamoto.

"Za Mji Mkongwe ni nene, hazihitaji kitu."

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Unguja zinaweza kufika nusu mita, na kweli zinameza sauti. Ila angalia vidaka, vile vishubaka vya ukutani: kidaka kikiwa kimechimbwa pande zote mbili mahali pamoja, unene uliobaki ni mdogo sana. Angalia pia boriti, maana vichwa vyake vimeingizwa ukutani, na boriti iliyooza huacha shimo. Ziba kwa mawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na boriti zilizo karibu zinaendelea kuoza bila kuonekana.

Huko usiguse kitu bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na popote ulipo, zungumza na jirani kabla ya fundi kushika patasi: nusu ya kazi iko upande wake wa dari.