Kiini kizito si lazima kivunjike upesi

Wengi tulikaririshwa kwamba kiini cha atomi kikizidi uzito ndivyo kinavyovunjika haraka. Hebu tazama elementi ya thori-232 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini): nusu ya atomi zake huchukua takriban miaka bilioni 14 kuvunjika. Poloni-212 ni nyepesi kuliko hiyo, lakini nusu yake huisha kwa 0.3 ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hapo hata jicho hujaanza kulipepesa.

Ajabu zaidi ni ndugu yake, poloni-210, iliyopungukiwa nyutroni mbili tu: siku 138! Nyutroni zikifika 126 hujaza tabaka lao na kushikana barabara. Poloni-210 inazo 126 kamili. Poloni-212 inazo 128. Ikitema chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili) inabaki risasi-208 (ile metali), kiini kilichotulia mno, na alfa hutoka na nishati ya MeV 8.78 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) badala ya 5.30 ya poloni-210. Tofauti yaonekana ndogo. Ila alfa hairuki ukuta wa kiini, huupenya, kama mwanafizikia George Gamow alivyoeleza mwaka 1928, na nishati ikiongezeka kidogo tu, kupenya huwa rahisi maradufu kwa maradufu.