"Umezeeka, pisha vijana" si sababu halali

Mtwara, kwenye ghala la korosho, mama wa miaka 52 anaambiwa: "Mikono imekuwa mizito, pisha vijana." Anakunja kanga, anaondoka. Mtaani wanasema mali ya tajiri, atafanyaje?

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa waziwazi. Aliyeachishwa anapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, akijaza fomu namba 1. Siku hizo ndizo zinazowaponza wengi. Wanangoja huruma ya bosi. Mfanyakazi akionyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha haukuwepo. Anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Kustaafu kwa mujibu wa sheria ni jambo jingine.