Kujipongeza: wema unapogeuka kibali cha kula ovyo

"Leo najipongeza," husema mtu aliyemaliza kazi ngumu, huku akivuta kiti mbele ya sahani ya chipsi mayai. Saikolojia ina dhana inayofanana na msemo huo. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita kibali cha wema. Ukishatenda jambo unaloliona jema, moyoni unajihisi una akiba, na akiba hiyo unaitumia kujiruhusu kile ambacho siku nyingine ungejikataza. Benoît Monin na Dale Miller waliandika juu ya tabia hii nchini Marekani mwaka 2001, ingawa wao walichunguza ubaguzi, si chakula.

Kwenye chakula ndiko inakoonekana waziwazi. Kutembea haraka kwa nusu saa hutumia kalori 140 hivi. Soda moja ya mililita 350, yenye sukari gramu 35 au zaidi, huzirudisha zote kabla jasho halijakauka. Tatizo linaanzia pale zoezi linapoandikwa kwenye daftari la thawabu. Mswaki haumo humo, ndiyo maana hakuna anayepiga mswaki kisha akajipongeza kwa pipi.

Ramadhani dhana hii hukolea zaidi. Mtu amejizuia tangu alfajiri, tena kwa nia safi. Adhana ya magharibi ikilia, zinashuka tende, uji, kaimati zilizolowa shira, sambusa, bajia, mihogo ya nazi na jagi la juisi lililotiwa sukari bila huruma. Akiulizwa, jibu analo: nimefunga kutwa. Cha ajabu, kibali hicho hajapewa na dini. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inasema kuleni na mnywe, wala msifanye israfu. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliyeshindwa kutosheka na matonge machache anaambiwa aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi.

Wakati mwingine hata wema wenyewe hauhitajiki. Mwaka 2009 Keith Wilcox na wenzake walieleza kwamba saladi ikiwepo tu kwenye orodha ya vyakula, baadhi ya watu huelekea zaidi kuchagua chipsi, hasa wale ambao kwa kawaida ni hodari wa kujizuia. Kuiona saladi kumewatosha. Nashuku kile kijiko cha kachumbari pembeni ya mlima wa chipsi zetu nacho kinafanya kazi hiyohiyo.