Maswali ya wagonjwa wa figo kuhusu mshipa wa kusafishia damu

Kwa nini nifanyiwe fistula ya mkono wakati sijaanza dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine)?
Kwa sababu inachelewa kukomaa. Katika fistula hii, ateri (mshipa utoao damu moyoni) huunganishwa na vena (mshipa urudishao damu moyoni) ili vena itanuke na kupitisha damu nyingi, na hilo huchukua wiki kadhaa. Anayefika hospitali ya Kiruddu au Mbarara, hapa Uganda, akiwa amezidiwa hawezi kungoja, hivyo huwekewa katheta, yaani mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa. Katheta huokoa maisha, ila hupitisha vijidudu hadi kwenye damu kwa urahisi.

Katheta iwekwe wapi?
Mwongozo wa Marekani uitwao KDOQI, toleo la 2019, unapendelea mshipa wa shingoni, upande wa kulia. Ule wa chini ya mtulinga huepukwa: huweza kubaki na kovu na kubana, halafu fistula ya mkono huo ikataabika.

Nitajuaje fistula inaziba?
Kila asubuhi weka ncha za vidole juu yake. Usikie mtetemo laini usiokatika. Ukikuta pigo gumu linalodunda, damu huenda inazuiwa mbele. Kisha inua mkono juu ya kichwa: vena inapaswa kunywea. Ikibaki imejaa, mweleze musawo (mhudumu wa afya). Mweleze pia mkono ukivimba, au damu ikikawia kukata baada ya sindano kutolewa. Mtetemo ukitoweka kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo! Usingoje zamu yako ya dayalisisi, maana damu iliyoganda inatakiwa kuondolewa mapema.

Daktari wa radiolojia atanifanyia nini?
Kwa ganzi ya sehemu tu, hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa, huingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha hupanua palipobana kwa puto. Lakini si kila palipobana papanuliwe. Mwongozo huo wa KDOQI unataka mgonjwa awe na dalili, na mshipa uwe umebana zaidi ya nusu. Kwa hiyo uliza: "Daktari, umeona dalili gani?" Ni haki yako, hasa kama gharama inatoka mfukoni mwako.

Wakitaka kupima presha au kutoa damu kwenye mkono huo?
Kataa kwa upole: "Musawo, huu ni wa dayalisisi, tafadhali tumia mwingine." Hata kama figo zako ndiyo kwanza zinaanza kudhoofika, omba uchomwe mgongoni mwa kiganja, ili vena za mkono zibaki nzima kwa ajili ya fistula.