Dola kuu siyo mambo ya noti

Jana kwenye daladala jamaa anamwelekeza mwenzake, "Marekani ni dola kuu kwa sababu ndo wenye dola, wanamwaga karibu trilioni ya dola kwenye jeshi kila mwaka nani atawatoa pale", na siti nzima ya nyuma ikaitikia. Nimelisikia hili mara nyingi mno, ngoja niandike.

Dola kuu ni nchi ambayo mkono wake unafika karibu kila pembe ya dunia, kwa jeshi, uchumi na siasa, mpaka asiyeipenda naye anapanga mambo yake huku anaiangalia. Maana ndo hiyo tu.

Sasa neno lenyewe. Dola tunazo mbili na hazina undugu hata kidogo. Hii ya kushika dola, vyombo vya dola, Jumuiya ya Madola (nimeshaulizwa kama ni umoja wa nchi zinazotumia dola, hapana jamani) ni Kiarabu, dawla, na mzizi wake ni kuzunguka, kupokezana, yaani zamu. Waabasi, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu, walipowang'oa wenzao wa ukoo wa Banu Umayya mwaka 750 utawala wao wakauita dawla, maana yake zamu yetu imefika. Ile ya noti imetokea Joachimsthal, mji wa migodi ya madini ya fedha (silver) ambao leo uko Czech, karne ya 16 walikuwa wanafua sarafu zikaitwa Joachimsthaler, kwa kifupi taler, neno likapita kwa Waholanzi na Waingereza mpaka likatufikia sisi dola. Taler ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria, imetumika sana Zanzibar karne ya 19, watu wakiiita reale.

Nakazania hili kwa sababu ukizichanganya unaanza kuamini ukubwa unanunuliwa kwa bajeti ya jeshi. Angalia Suez, ule mfereji wa Misri, mwaka 1956, Uingereza na Ufaransa zimeingia Misri na manowari na ndege na kwenye mapigano wanashinda kabisa, lakini paundi ikaanza kuyumba na Eisenhower, rais wa Marekani, akawabania Waingereza mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) mpaka wakubali kutoka, wakatoka. Soviet nayo 1991 imevunjika na maelfu ya vichwa vya nyuklia viko ghalani, hakuna aliyeivamia. Na Marekani yenyewe mwaka wa fedha 2024 riba ya madeni yake imepita bajeti ya ulinzi, yaani hela ya kuwalipa waliowakopesha ni nyingi kuliko ya wanajeshi, meli na ndege zote.

Kwa hiyo yule jamaa kwenye hesabu hakukosea, trilioni inakaribia kweli. Angesema tu Marekani ina jeshi ghali kuliko yote duniani angekuwa sawa kabisa, ila hiyo "kwa sababu" yake ndo aitoe.