Kwa nini chaja ya simu imekuwa nyepesi

Wazee wengi wakisikia neno "transista", kipuri kidogo kinachodhibiti mkondo wa umeme, hukumbuka redio ndogo ya betri, na wana sababu: Regency TR-1 ya Marekani, redio ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani, ilitoka mwaka 1954 ikiwa na transista nne tu, miaka saba baada ya transista yenyewe kubuniwa katika maabara za Bell mnamo Desemba 1947. Humo kazi yake ilikuwa kukuza mawimbi dhaifu. Lakini katika vifaa vingi ninavyofungua mezani kwangu, transista inayobeba mzigo mzito haikuzi chochote. Inawasha na kuzima, na kifaa kinachoonyesha jambo hili vizuri zaidi ni chaja ya simu.

Chaja za zamani zilikuwa nzito kama jiwe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na transfoma ya chuma iliyopokea umeme wa ukutani jinsi ulivyo, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Tuchukue chaja ya wati 5. Ikihamisha nishati mara 50 kwa sekunde, kila safari hubeba sehemu moja ya kumi ya jouli, mzigo unaodai chuma kingi na waya mwingi. Ikihamisha mara 50,000, mzigo wa kila safari hupungua mara elfu moja, na transfoma ya feraiti (kauri yenye tabia ya sumaku) yenye ukubwa wa ncha ya kidole hutosha. Ni kama kuhamisha maji ya pipa kwa kikombe badala ya ndoo, ilimradi mkono uwe mwepesi kupita kiasi.

Mkono huo ndio transista. Umeme wa volti 230, ukishapita kwenye dayodi (zinazopitisha mkondo upande mmoja tu) na kapasita (inayohifadhi chaji), huwa mkondo mnyoofu wa takriban volti 325, na transista huukatakata. Katika chaja za bei nafuu mara nyingi ni ya familia ya 13001 au 13003, yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mkondo mdogo ukiingia kwenye besi, mkubwa hupata njia kutoka kolekta hadi emita. Ukiondolewa, njia hufungwa, bila kitu chochote kusogea wala kusuguana.

Kwa nini basi tusiiache transista ikiwa nusu wazi, ikipunguza umeme taratibu? Jibu ni joto. Transista ikishusha volti 12 ziwe 5 kwa mkondo wa ampea 1, wati 7 hupotea ndani yake, zaidi ya zile 5 zinazoifikia simu. Ikiwa wazi kabisa, volti zinazobaki juu yake ni chache. Ikiwa imefungwa, mkondo haupiti. Joto linalobaki hutokea hasa pale inapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine, na ndiyo maana chaja njema huwa vuguvugu tu. Runinga na taa nyingi za LED hutumia mbinu hiyo hiyo.

Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, transista hii huwa miongoni mwa vipuri vya kwanza kuumia, na mara nyingi hufa ikiwa imeshikana kati ya kolekta na emita. Mwanzoni mwa kazi yangu nilikuwa nikibadilisha transista peke yake, na mpya ikafa papo hapo, kwa kuwa risista ya emita, yaani kipuri cha kupunguza mkondo kilichounganishwa na emita, ilikuwa imekwisha kuungua na sikuipima.

Ili kuipima transista, chomoa chaja, kisha toa chaji ya kapasita kubwa kwa kutumia risista, maana inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Ing'oe transista kwenye bodi, weka mita upande wa dayodi, ncha nyekundu kwenye besi na nyeusi kwenye emita, kisha kolekta: zote zisomeke karibu volti 0.6. Mita ikilia kati ya kolekta na emita, transista imekufa. Pima risista ya emita kabla hujalehemu nyingine.