Ugonjwa wa uchovu sugu: eti wagonjwa wanaona aibu kuambiwa ni akili

Huu ugonjwa Uingereza wanauita ME (kifupi cha myalgic encephalomyelitis), Marekani wakaupa jina la uchovu sugu, kwa kifupi cha Kiingereza CFS, mwaka 1988, siku hizi wengi wanaunganisha tu wanaandika ME/CFS. Kama kuna ugonjwa umesemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kukaa na mgonjwa wake hata wiki moja basi ni huu, hebu tuzipitie hizo stori zao.

Dhana: ni uchovu tu, mbona sote tunachoka

Jamani hapana. We ukichoka unalala, asubuhi uko fiti. Huyu analala usiku kucha anaamka kama hajafumba jicho, halafu akijitutumua kidogo tu, yaani kuoga, kupanda ngazi, kupiga stori na mgeni nusu saa, anazidiwa, na mara nyingi hazidiwi palepale, ni kesho yake au keshokutwa, ndo maana jirani aliyemuona juzi anacheka sebuleni leo akiambiwa hawezi kuinuka anasema huyu anaigiza. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti Februari 2015 ikasema hiyo hali ya kuzidiwa baada ya kujishughulisha ndo kiini cha ugonjwa, ikakadiria wanaougua Marekani peke yake ni kati ya 836,000 na milioni 2.5, na angalau robo yao kuna kipindi hawatoki nyumbani au kitandani kabisa. Wapo wanaoishi chumba cha giza na masikio wameziba, kijiko kikigonga sahani jikoni ni mateso.

Dhana: madaktari walishachunguza wakakuta ni mihemko ya wanawake

Hii inatoka mbali. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free pale London wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua kwa mkupuo, wengi manesi, mpaka hospitali ikafungwa kwa muda. Miaka 15 baadaye, 1970, madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, wakaandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kwamba ule ulikuwa mhemko wa kundi, na moja ya hoja zao ni kwamba walioumwa wengi ni wanawake. Na hao wagonjwa waliwapima? Wapi, walisoma mafaili tu! Mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauweka huu ugonjwa kwenye orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, lakini maneno ya wale wawili ndo yakashika, miaka na miaka.

Dhana: utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba mazoezi na ushauri wa kubadili fikra vinaponya

Hapa nikae kidogo maana ndo penye utamu. Huo utafiti unaitwa PACE, ulifanyika Uingereza kwa watu 641, uligharimu kama pauni milioni 5, na matokeo yakatoka kwenye jarida la The Lancet 2011. Nadharia yake ilikuwa kwamba mgonjwa anaogopa kujishughulisha, kwa kuogopa analala sana, kwa kulala mwili unalegea, sasa mtoe hofu na umwongezee mazoezi kidogo kidogo atarudi sawa. Magazeti yakashangilia, na ripoti ya 2013 ikasema asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona.

Wagonjwa wakaanza kusoma. Sio kusoma kichwa cha habari, kusoma majedwali. Kulikuwa na fomu ya maswali ya uwezo wa mwili, kama unaweza kupanda ngazi, kubeba vitu vya sokoni, kutembea umbali fulani, alama 0 mpaka 100. Kuingia kwenye utafiti ilibidi uwe na alama 65 au chini ya hapo, yaani unaumwa kweli. Mwanzoni walipanga kwamba ili uhesabiwe umepona ufike 85, baadaye wakashusha, ikawa 60. Umeielewa hiyo? Unaingia na 65 ukiwa mgonjwa, unashuka mpaka 60, umekuwa na hali mbaya zaidi, na kwenye kipengele hicho umevuka mstari wa kupona. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza.

Kingine, ilikuwa hakuna wa kumficha mgonjwa tiba anayopewa, kila mtu anajua yuko kundi gani, halafu matokeo makubwa yanapimwa kwa kujaza fomu, na ile mashine ya kuvaa inayorekodi unavyotembea waliiondoa kwenye vipimo vya mwisho. Walipopimwa kutembea dakika 6, kundi la mazoezi baada ya mwaka mzima walifika wastani wa mita 379. Mtu mzima wa afya zake anavuka 500 bila kuhema.

Wagonjwa wakaomba data, wakanyimwa, wengine wakaitwa wasumbufu. Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, akaomba kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, chuo cha Queen Mary cha London kilichokuwa na hiyo data kikakataa, kesi ikaenda kwenye baraza la rufaa za taarifa na mwaka 2016 baraza hilo likaamuru data itolewe. Ilipopigwa hesabu kwa vigezo vyao wenyewe vya mwanzo, waliopona kwenye ushauri wa fikra ni asilimia 7, mazoezi 4, na wale waliopata huduma ya daktari tu 3. Kitakwimu hapo hakuna tofauti ya maana.

Dhana: wanabisha kwa sababu wanaona aibu kuitwa wagonjwa wa akili

Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Baadhi yao wana sonona pia, wanameza dawa zake, wanakwenda kwa mshauri na hawafichi. Ugomvi sio neno akili. Ugomvi ni kwamba nadharia ile haishindwi kamwe, ukipona tiba imefanya kazi, usipopona hukujituma. Na ina madhara ya kushikika, unaambiwa ongeza mazoezi, unaongeza, unaingia na miguu yako unatoka na kiti cha magurudumu. Denmark mwaka 2013 binti mmoja alichukuliwa kwao kwa nguvu akapelekwa hospitali kwa sababu hiyohiyo ya kuona tatizo ni la akili, akarudi nyumbani 2016. PACE yenyewe ilichangiwa pesa na idara ya serikali inayolipa posho za wasiojiweza, sasa mgonjwa akiuliza kwa nini, mnamwambia ana aibu?

Dhana: wanachukia sayansi

Mwaka 2009 jarida la Science lilitoa habari ya kirusi kinaitwa XMRV kwamba kimekutwa kwa wagonjwa hawa, wagonjwa wakafurahi, kikaja kugundulika ni uchafu wa maabara na 2011 makala ikafutwa. Iliuma, wakameza. Watu haohao ndo wakaenda kusaidia kuendesha utafiti wa vinasaba unaoitwa DecodeME na chuo kikuu cha Edinburgh, wagonjwa 15,579 wakachangia vinasaba, na Agosti 2025 matokeo ya awali yakaonyesha sehemu nane za vinasaba zenye tofauti na za watu wasiougua, baadhi zinagusa kinga na mfumo wa fahamu. Watu wanaochukia sayansi hawatemi mate kwenye kichupa wakaituma posta.

Dhana: basi hayo yameshaisha

Kiasi. Oktoba 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliacha kupendekeza yale mazoezi ya kuongeza kwa ratiba, na ushauri wa fikra ikasema ni wa kumsaidia mtu aishi na ugonjwa, sio wa kumponya. Kabla ya hapo uchapishaji wa mwongozo huo ulisimamishwa Agosti kwa sababu ya kelele za baadhi ya madaktari.

Halafu Februari 2024 taasisi za afya za serikali ya Marekani zikatoa utafiti wa wagonjwa 17, wakapata mambo ya maana kwenye kinga na ubongo, ila wakaingiza na hoja ya mgonjwa kupendelea juhudi ndogo. Walipimaje? Mchezo wa kubonyeza kitufe kwa pesa kidogo, unachagua kazi rahisi au ngumu. Wagonjwa walichagua ngumu mara chache zaidi. Lakini ukishuka kwenye data yao unakuta hata walipoichagua ile ngumu, mara kwa mara vidole viligoma kabla hawajaimaliza, wakati wenzao wazima waliimaliza karibu kila mara. Sasa mtu asiyeweza kumaliza kitu, akiacha kukichagua, mnasema amependelea?